Nailoni Iliyokaba Miche

Dar es Salaam

Mke wangu Mama Lusajo,

Ugonile? Mvua ya Ikuti bado haitaki kupumzika? Na goti la mama linaendeleaje? Mimi mwili upo, moyo ndio sijui.

Umeniuliza ni ugonjwa gani unaokaba miche ya parachichi pale ulipobebesha vikonyo vya kisasa juu ya shina la kienyeji. Si ugonjwa. Ni ile nailoni niliyokutumia, uliyokata vipande vya kufungia vikonyo.

Nikueleze. Hapa kiwandani, nailoni ikitoka kuyeyushwa, ndani imejikunja ovyo kama nywele zisizochanwa. Rola za mbele zinazunguka kasi mara tatu kuliko za nyuma, zinaivuta, inanyooka na kuwa ngumu. Lakini haijatulia. Lazima ipite kwenye oveni ikiwa bado imeshikwa, ndipo inakubali kukaa hivyo. Moto ukipungua, siku ikikutana na joto inajivuta kurudi ilikotoka.

Nao wakubwa wa kiwanda wamepunguza moto wa oveni kubana matumizi ya umeme. Nilimwambia msimamizi, "Bosi, hii itarudi." Akacheka mbele ya wenzangu: "Irudi wapi, Mnyakyusa, ina miguu? Au unataka tukuchomee ndizi humo?"

Mabaki tukagawiwa wafanyakazi. Msimamizi aliapa kwamba roli la nailoni nililopewa ni la zamani, la kabla ya kupunguza moto. Baada ya ujumbe wako nilikata kipande cha sentimita kumi, nikakitumbukiza kwenye maji ya moto. Kilitoka saba. Iliyoiva vizuri hutoka tisa na nusu. Sasa piga hesabu: mizunguko sita kwenye shina nene kama penseli, ndani ya kibanda chenye jua la mchana. Shina lingepumulia wapi?

Chukua wembe, chana nailoni yote upande usio na kikonyo. Ila nisikudanganye, kikonyo kilichosinyaa hakirudi. Kati ya miche mia nne umesema imebaki themanini. Tulikubaliana hii ikiuzwa narudi nyumbani. Haitoshi. Jana nimesaini mkataba wa miaka miwili mingine, mashine ileile. Msimamizi hata hakuinua macho.

Msalimie mama, na kaka yako wa Isongole aliyetupatia vikonyo. Mwambie vyake vilikuwa vizuri, asijilaumu. Lusajo mwambie Krismasi asinisubiri stendi.

Na ukiona shina la chini linachipua, usiling'oe. Litazaa parachichi la kienyeji, mnunuzi hatalitaka. Mtakula wenyewe.

Mumeo,
Baba Lusajo