Aliyeingia Temeke Akisukuma Baiskeli

Mwaka umetimia leo, Baba Anjelina, tangu uliposhika kifua pale barazani Temeke, patasi ingali mkononi, ukatuacha. Watu wanatuambia machozi sasa yamekauka. Yamekauka kweli. Kilichobaki kwa mkeo Rosalia ni hasira, na ametutuma tuiandike kama ilivyo.

Hukujua kusema hapana. Aliyekuja na neno "niazime" alikuwa keshakupata. Uliwaazima watu misumeno, pampu, hata koti lako la harusi. Likarudi halina vifungo, nawe ukacheka tu.

Mwaka 1967 mlipakia baiskeli zenu kwenye lori hadi Lindi, mkarudi Temeke mkizikanyaga, marafiki tisa, kuliunga mkono Azimio. Siku saba za mchanga na matope. Mlikuwa mmekubaliana kwamba anayepata pancha anasubiriwa na wote, na hadi Mkuranga mlisubiriana kweli. Siku ya mwisho, pale Kongowe, mpira wa Mwinshehe ukapasuka vibaya, kiraka hakishiki. Wale saba walikuwa mbele, hawana habari. Akakwambia, "Ndugu yangu, niazime yako niwakimbilie, niwaambie wakusubiri." Ukampa.

Hakuwaambia kitu. Na wale saba nao hawakuuliza.

Rosalia alikuwa mbele ya ofisi ya tawi la chama, Anjelina mgongoni. Aliviona vishikio vya mpingo ulivyovichonga kwa mkono wako, akapiga vigelegele kabla hajatazama uso. Kumbe aliyeikalia baiskeli ni Mwinshehe. Akajua umekufa njiani.

"Shemeji, mume wangu yu wapi?"

"Si yuko nyuma hapo, anakuja," akajibu, akaenda kujipanga kwenye picha.

Picha ile imetundikwa ofisini hadi leo: wanaume wanane, na baiskeli yako. Wewe uliingia jua likizama, unasukuma baiskeli ya mwenzio, tairi limeshindiliwa nyasi, vidole vya miguu vinavuja damu. Ngoma zilishaondoka. Waliobaki ni mfagiaji na mkeo. Rosalia alitaka kwenda kumvaa mtu usiku uleule, ukamzuia. "Mwache, Mama Anjelina. Baiskeli si imefika? Basi na mie nimefika."

La, Polikarpo! Hukufika. Waliokuacha ndio waliofika, na kwa neno lako hilo amekununia hata wewe, miaka yote ile, huku akikupikia.

Kisha siku ya mazishi Mwinshehe akasimama kando ya kaburi, akasema bila haya, "Safari ile mimi na marehemu tulifika pamoja." Rosalia alipofungua mdomo, wazee wakamwambia mfiwa atulie. Ametulia mwaka mzima. Inatosha.

Jumapili hii, baada ya Misa, ataisukuma baiskeli yako kwa miguu kutoka Kongowe hadi ofisi ya tawi, njia ileile. Ninyi saba, mnaalikwa. Mwinshehe, nawe njoo, ila utembee nyuma, na tukifika useme mwenyewe mbele ya watu ulichofanya. Mpiga picha ameshaambiwa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Rosalia, binti zako Anjelina na Filomena, kaka yako Kasimiri aliyeko Newala, na dada yako Eufrazia, ambaye hasira zake ni kubwa kuliko hizi ila hajui kuandika.

Hutatutoka moyoni, Polikarpo Nangumbi. Na baiskeli yako hatumwazimi mtu.