Chumba cha Kamba Ukingoni mwa Matete

Nyumba ya mwisho, upande wa matete
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shemeji,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, na kabla ya neno lolote nikujulie hali. Kifua kimepoa? Mara ya mwisho tulipoongea sauti yako ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, nikabaki na wasiwasi. Huko kwenye baridi usijifanye kijana. Funga shingo, kunywa vitu vya moto, na daktari akikwambia pumzika, pumzika. Sisi huku hatujambo. Mimi goti linanisumbua kidogo nikichutama, lakini ni goti langu, tumezoeana.

Ningeweza kukupigia. Lakini kwenye simu jambo hili ningelianza kwa kulia, nawe ungenyamaza vile mnavyonyamaza watu wa ukoo wenu, tusifike popote. Kwa hiyo naandika polepole, mezani, dirisha wazi. Ukungu umelala juu ya matete hata sioni maji yanapoanzia. Nasikia tu ndege wakipiga mabawa ndani yake, kama mtu anayekung'uta shuka.

Ni habari za chumba chako.

Unajua kaka yako alivyokuahidi. Tangu ulipomwambia kwamba dirisha lako la huko linatazama ukuta wa jengo la jirani, hakutulia. Katikati ya chakula alikuwa akisimamisha kijiko na kusema, "Mdogo wangu akirudi, aamke aone maji." Akachagua mahali nyuma ya nyumba, karibu kabisa na kinamasi, akapima pamoja na Pima-Tena, akapeleka maombi halmashauri. Pima-Tena ni yule mwashi aliyetujengea jiko. Hupima kila kitu mara mbili, ndipo akaitwa hivyo. Siku hizo penseli ya kaka yako haikutoka sikioni hata kitandani. Asubuhi nilikuwa naikuta kwenye mto, imenichora shavu.

Kisha akatutoka, na maombi yake yakabaki halmashauri yakisubiri zamu. Sikuyaondoa. Niliona ahadi ya marehemu si kitu cha kufutwa na mjane.

Sasa, utaratibu wa huku ni huu. Anayetaka kujenga karibu na kinamasi kinacholindwa husimamisha kwanza chumba chake kwa vigingi na kamba, ukubwa uleule, mlango palepale, kikae hivyo mpaka kamati ije kukitazama. Ni ili majirani nao wapate kukiona na kukisemea kabla ya saruji. Basi Pima-Tena akapigilia vigingi, akazungusha kamba nyeupe, akaacha nafasi ya mlango upande wa nyumba.

Shemeji, nilikikaa chumba hicho. Nicheke ukitaka. Jioni nilibeba kiti nikapitia mlangoni, sikuwahi kuruka kamba, nikaketi mahali ambapo kitanda chako kingekaa. Upepo unaingilia ukutani, unatokea ukutani. Yangeyange wanapita juu, pale pa dari. Jua likizama, kamba hubaki peke yake na weupe wake, ungedhani mtu amechora nyumba hewani kwa chaki. Kuna mara nilijikuta nasogeza kiti kumpisha kaka yako. Sikushtuka. Nilisogeza tu, nikaendelea kusikiliza vyura.

Jirani yetu fundi cherehani, yule mwenye ulimi wa sindano, alikuwa akipita njiani ananiuliza kama nimefunga madirisha, maana mvua iko karibu. Nikamwambia nimefunga, ila yeye asiegemee ukuta, rangi haijakauka. Tukacheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi, na kicheko kilinikaa vibaya, kama nguo ya kuazima.

Alhamisi kamati ikaja. Mwenyekiti ni mama wa makamo, mpole, miwani inamshuka puani. Wajumbe walivaa viatu vya ofisini, vyote vikabadilika rangi kwa vumbi. Lililonigusa ni kwamba kila mmoja aliingia kwa mlango. Mjumbe mmoja mrefu hata aliinamisha kichwa asije akagonga juu. Mwenyekiti akauliza dirisha litakuwa wapi, nikamwonyesha hewa, naye akasogea akachungulia. Tukasimama pale kama wageni waliokaribishwa na mtu ambaye ametoka kidogo.

Kisha afisa mazingira, msichana wa mabuti marefu ya mpira, akazungusha bomba la chuma ardhini katikati ya chumba. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, mwekundu. Wa chini ulitoka wa kijivu, una madoa ya rangi ya kutu. Akaniwekea kiganjani. Ulikuwa wa baridi kama samaki. Akanieleza kwamba kaka yako na mwashi wake walipima umbali unaotakiwa kuanzia kwenye maji, tena walipima kiangazi, maji yakiwa yamerudi nyuma. Kumbe kinamasi hakianzii kwenye maji. Huanzia pale udongo unapobadilika. Chumba chako chote kilikuwa ndani.

"Maji hulala hapa, mama," akasema. "Sasa hivi yamesafiri tu. Ukiyajengea, yatarudi yakute mlango umefungwa."

"Hata mwenye chumba amesafiri," nikamjibu. "Naye nilitaka akirudi akute mlango wazi."

Fundi cherehani alikuwa amesimama na majirani wengine. Nilimtazamia atupe kijembe, badala yake akavua kofia. Aliyetuokoa ni Pima-Tena. Alisema kwa huzuni kwamba yeye alipima mara mbili, basi amekosea mara mbili. Hapo fundi cherehani akashindwa kujizuia, akamwambia kwa upimaji huo heri hakushona suruali za watu. Hata mwenyekiti alificha mdomo.

Uamuzi ulitolewa palepale. Upande wa maji hapana, iwe saruji iwe mbao. Upande wa barabara ruhusa ipo, chumba kilekile kwa vipimo vilevile. Sikubishana. Ule udongo ulikuwa bado mkononi mwangu, na mkono ulishaelewa kabla yangu. Afisa akaomba kamba zitolewe zisije zikanasa miguu ya ndege. Nilizikunja mwenyewe. Kona ya kitanda chako niliiacha ya mwisho.

Pima-Tena aliona mambo yamekwisha. Chumba ni chumba, mama, aliniambia. Shemeji yako usingizi ataupata. Lakini upande ule dirisha litatazama ukuta wa duka la vipuri. Nikawaza: utoke kwenye ukuta, uvuke dunia nzima, uje kwenye ukuta?

Nimezunguka na wazo hilo mpaka leo asubuhi. Nilikuwa bado nimelala, ukungu ukaingia dirishani taratibu, na nyuma yake maji yakang'aa. Nikajua. Chumba chetu, mimi na kaka yako, kinatazama matete. Hicho ndicho chako. Mimi nitahamia kile kipya cha barabarani.

Usinibishie, Shemeji. Maji nimeyatazama miaka mingi, tena nikiwa na mtu wa kunionyesha. Sasa nataka kusikia watu wakipita, baiskeli, wanafunzi, maneno ya fundi cherehani. Nguo za kaka yako nimeshazitoa. Nusu ya kabati ni yako. Kitanda nimekigeuza kielekee dirishani, goti likanilaumu kutwa. Pima-Tena anaanza kazi kesho, na nimemwambia safari hii apime mara tatu.

Mama anakusalimu, anauliza kila siku kama umekonda, nami kila siku namjibu hapana. Shangazi naye, na wanangu wote wawili. Fundi cherehani anataka kipimo cha kiuno chako, ila asikupime mtu tunayemjua. Msalimie mkeo, uwabusu watoto. Mungu awalinde huko, akurudishe salama, ukiwa bado na hamu ya kuamka mapema.

Nawe kesho ukifumbua macho mbele ya ukuta wako, nikumbuke.

Nikupendaye bila kupungua,
Mke wa kaka yako