Uvutano Uliogoma

Tabora, Jumapili ya kwanza ya Machi, mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke Mkumbi.

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Shangazi yako wa Lipingo amepata mjukuu. Nimemsikia akilia kwenye simu, basi.

Unasema tungamo za chembe na zile kani tatu zimekaa sawa katika modeli yako. Uvutano tu, kani ya nne na dhaifu kuliko zote, umegoma, nawe unauliza kama uuache nje.

Mwaka niliooa, nilipanga majani ya ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia yanayozuia mvua isichukue udongo, kwenye mteremko wetu, miraba mizuri, nikairuka kona moja yenye mawe. Bibi yako, aliyenifuata nyuma akiyafukia majani kwa jembe, alicheka.

“Mume wangu, hapo umemwachia mvua mlango. Wala hatapiga hodi!”

“Kona yenyewe ndogo hii?”

Mvua ilipita hapohapo, ikashuka na miraba yangu yote. Tukapanga upya, safari hii tukianzia kwenye kona ile.

Vitabu ulivyonitumia nimevisoma, lakini hesabu zako siziwezi. Labda nawe uanzie hapo palipogoma.

Unauliza pia nitarudi Mkumbi lini. Aliyekuwa akinicheka vile hayupo tena kule. Sitarudi.

Babu yako