Barbados tulienda wawili

Jumapili, Alexandria ya Marekani. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi.

Sasa hivi Shani kaivaa kaptula ya kuogelea ya baba yake. Kaipitisha kichwani, kiuno cha kaptula kimemkaa shingoni, lebo ya dukani inaning'inia mgongoni, na anazunguka sebuleni akipiga mikono hewani. Anasema anaogelea. Nimemwacha. Nilitaka kumvua nikashindwa, maana nikiishika ile kaptula nitalia, na leo nimejiahidi nisilie mpaka nimalize kuandika.

Ni kaptula ya bluu yenye minanasi. Nilimnunulia Idrisa, mume wangu. Hajaivaa, hajaigusa. Shani naye anakaribia miaka mitatu, na baba yake hajawahi kumgusa yeye pia.

Wengi wenu mmeniandikia: Mama Shani, umerudi kutoka Barbados, hebu tuambie kuna nini cha kuona na cha kufanya huko. Nilikuwa sijibu. Leo najibu, ila mtanivumilia.

Kwa wasiotujua: mimi nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya grini kadi, sijaolewa. Baadaye nikarudi Morogoro tukafunga ndoa, nikakaa wiki chache, nikarudi huku kazini, hotelini, chumba cha kufulia. Nilipofika nikagundua nina mimba. Makaratasi ya Idrisa ya kuja huku yako kwenye foleni, na foleni yenyewe huoni mwisho wake. Mtoto kamjua baba kwa simu.

Likizo yangu ni wiki moja. Na kwenda nyumbani wiki moja, jamani, si kumwona mume. Ni kupokewa na ukoo. Leo kwa mama mkwe, kesho kwa shangazi, keshokutwa unapelekwa kuhani msiba wa mtu usiyemjua, usiku mnalala na watoto wa watu chumba kimoja. Idrisa akasema, "Mama Shani, mara hii nataka sisi watatu tu. Fungate yetu hatujaila."

Ndipo tukasikia habari za Barbados. Jirani yangu Mama Brayo ni Mkenya, na shemeji yake aliwahi kwenda. Akaniambia, "Huko? Hawakusumbui hata kidogo. Ni kugongewa muhuri tu unaingia, kama unaenda kwa shosho yako." Shosho ni bibi kwao. Tukauliza na wengine. Wote wakasema pasipoti ya Tanzania haihitaji viza kule. Na ni kweli. Mimi nimeingia kwa pasipoti hiyo hiyo, na dada wa uhamiaji akanitabasamia.

Kisiwa hakikutaka viza. Njia ndiyo iliyotaka.

Ndege ya Idrisa ilikuwa ipitie London. Wala asingetoka nje ya uwanja, angekaa kwenye kiti akisubiri ndege nyingine. Kumbe hata kile kiti kina viza yake. Pale Dar, kwenye kaunta, wakamwuliza karatasi ya kupitia London. Akawaonyesha tiketi. Akawaonyesha picha ya nyumba ya wageni. Akawaonyesha picha ya Shani. Wakamrudishia begi lake. Hawakuwa na ubaya, anasema; yule kijana wa kaunta alimwita kaka na akamwomba radhi. Sisi tuliuliza habari za mlango wa kisiwa, habari za njia hatukuuliza. Kwa hiyo na wewe unayesoma hapa, kama una mwenzio unataka mkutane kule, uliza kila uwanja mtakaokanyaga. Kila uwanja.

Wakati huo mimi niko angani, Shani kalala mapajani.

Nilipotua nikawasha simu, nikakuta sauti yake. Alikuwa kama mtu aliyetoka kukimbia. "Mama Shani, kesho msije kunipokea. Nimerudishwa." Nikaisikiliza tena nimekalia sanduku katikati ya watu. Shani ananivuta sketi: "Where's Baba's plane?" Mwezi mzima nilikuwa nikimwambia tunakwenda kumpokea baba.

Nilimpigia nikamwambia narudi Alexandria. Akakataa. "Usimnyime mtoto bahari kwa sababu ya viza yangu. Kila tulichopanga kukiona, kioneni. Halafu mnisimulie."

Basi likizo yangu ikawa hiyo, ya kusimulia.

Haya. Chakula kwanza, maana ndicho kilichonitoa machozi siku ya kwanza. Wana ugali. Wenyewe wanauita kwa jina lao, wanausonga na bamia humo humo ndani, laini, unateleza, unaliwa na samaki ambaye akiwa hai anaruka juu ya maji kama ndege. Wana mbaazi kwenye wali. Wana shelisheli, wana stafeli. Magari yanapita kushoto kama kwetu, na ukiingia dukani bila kusalimia wanakutazama kama hukulelewa. Kila mara nilikuwa nageuka nimwambie mtu "ona!", na kwenye kiti cha pili nimeweka begi la mtoto.

Lipo pango kubwa chini ya ardhi, mnaingia kwa kigari cha kukokotwa, maji yanadondoka juu ya kofia. Nendeni. Shani alishika mkono wangu mpaka ukafa ganzi.

Nyumba tuliyofikia inasimamiwa na mama mtu mzima, Bi Verna, mwenye Kiingereza chao kinachopanda na kushuka. Mimi nikiamka asubuhi natandika kitanda, nakunja taulo pembe kwa pembe, mikono imeshazoea. Siku ya pili akanifumania. "Binti, wewe umekuja kupumzika au umekuja kuninyang'anya kazi? Weka hilo shuka chini!" Tukacheka. Akaniuliza bwana anafika lini, maana tuliandikisha watu watatu. Nikamweleza. Tuliporudi kutoka baharini nikakuta ule mto wa tatu kauondoa kitandani. Alikuwa ananihurumia, najua. Lakini nilikaa nikatazama pale ulipokuwa, nikatamani aurudishe.

Kasa ndio waliomfurahisha Shani kuliko yote. Mnapelekwa kwa boti mpaka mahali wanapokula, maji meupe unaona mpaka chini. Mwenye boti akasema yule mkubwa ni mzee sana, pengine anatuzidi sisi wote umri. Nikamweleza Shani kwa Kiswahili. Akainama ukingoni, boya alilovalishwa limemfika masikioni, akamwambia kasa, "Shikamoo!" Boti nzima hawakuelewa kwa nini nacheka na machozi yananitoka. Nikamtumia Idrisa video. Akanipigia, nikamsikia anacheka, halafu nikamsikia anapenga kamasi.

Upande wa mashariki nendeni mkaangalie tu, msiogelee. Mawimbi yanapiga mawe kama yana ugomvi nayo. Dereva teksi akatuambia kutoka hapo mbele hakuna nchi nyingine mpaka Afrika. Shani akapunga mkono. Sikumwambia kwamba hiyo ni Afrika ya magharibi, na ukifika huko Morogoro bado bara zima.

Na Ijumaa kuna mahali wanachoma samaki, mji mzima unahamia hapo, muziki, moshi, wazee wanacheza na wake zao. Hapo nilikaa kidogo nikaondoka. Samaki ni mtamu lakini.

Sasa lile nililokuwa nalizungukia.

Alhamisi tulikuwa ufukweni. Shani anachimba mchanga, mimi nimefumba macho. Akapita mwanamume mrefu mwenye kofia nyekundu. Idrisa ana kofia nyekundu, haivui, ndiyo anayokuwa nayo kila akipiga simu. Nikasikia "Baba!" Shani kaacha ndoo yake, anakimbia, amemkumbatia yule mtu mguu kwa nguvu zake zote.

Yule bwana alikuwa na mkewe. Mke akaangua kicheko. "Haya mheshimiwa, na huyu ulimficha wapi?" Kisha akaniona uso wangu, akaacha kucheka.

Nilikwenda kumtoa. Yule bwana akanizuia kwa mkono, taratibu, akaketi mchangani. Shani akamshika ndevu. Kwa mikono miwili, polepole, kama anajaribu kitu cha moto. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Halafu akamtazama vizuri usoni, akaniangalia mimi, akasema, "Not Baba." Akarudi kwenye ndoo yake.

Nilimsimulia Idrisa pango, kasa, ugali, mawimbi. Hilo sikumsimulia.

Tangu turudi anapiga simu kama kawaida, lakini anaongea kidogo. Juzi akasema, "Labda Mungu hataki." Idrisa huyu ambaye aliniposa mara mbili baba yangu akikataa! Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Viza siogopi, viza ina watu wa kuulizwa. Naogopa mtu akichoka, maana sijui kwa mtu aliyechoka unapeleka maombi dirisha gani.

Mama Brayo aliniletea chapati jana. Akasimama mlangoni, hakuingia. "Dada, pole. Mimi ndio nilikuambia hakuna shida." Nikamwambia hukusema uongo, ingia. Akaingia, tukala. Shani akala tatu.

Nimefikiri sana wiki hii na nimeamua. Likizo ijayo tunakwenda Morogoro. Ukoo utupokee. Watugawane, watuzungushe, tuhani misiba ya watu wote wa mkoa, sijali tena kuwa watatu tu. Tukiwa watatu katikati ya watu arobaini bado ni watatu. Nikipata jioni moja nyuma ya nyumba, yeye amembeba Shani na mimi naosha vyombo nawaangalia, fungate yangu nimekula.

Sijamwambia bado. Leo akipiga nitamwambia. Lakini kwanza nitaanza na yule mtu wa ufukweni, kwa sababu nikimficha hili na yeye ataanza kunificha lake. Nitamwambia, Baba Shani, mtoto wako ameshika ndevu za mtu akajua si zako. Hajawahi kuzishika lakini alijua. Yeye hajachoka kukutafuta, basi na wewe usichoke. Na nitamwambia na langu, ambalo hata Bi Verna sikumwambia: Shani alipopiga kelele "Baba!", mimi niliinuka. Sikufikiri. Nilisahau Dar, nilisahau London, nilisahau ile kaunta, nikaanza kukimbia naye kwenye mchanga, na zile hatua chache kabla yule mtu hajageuka nilikuwa na uhakika, nilikuwa nimeshafungua mikono na nina

Shani ananiita, "Mama, come, come, it's Baba!", simu anayo yeye na ameishika kichwa chini miguu juu, ngoja nika