Maman Zubeda, Uliyenirudisha kutoka Giheke

Mpendwa Maman Zubeda,

Juzi nilipita Kamembe, mbele ya chumba chako cha kushonea. Wamekipaka rangi mpya, siku hizi wanauza simu. Tangu tukuzike nilikuwa sijawahi kupita pale nikiwa peke yangu. Nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo, nikaona afadhali niandike.

Nilipokujia mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii. Chuo kikuu kilikuwa kimekubaliana na kikundi chako tufanye utafiti pamoja juu ya mabinti waliozaa wakiwa bado shuleni, wale uliokuwa ukiwafundisha kushona. Ulisoma karatasi yangu ya maswali, ukaniangalia juu ya miwani.

"Mutoto wangu, haya maswali ulitunga na nani?"

"Na mwalimu wangu, Maman."

"Basi yeye ndiye ajibu."

Ukacheka hadi ukafuta machozi, kisha ukanivutia kigoda. Siku tatu tuliyaandika upya, wewe, mimi na mabinti, cherehani zikiunguruma.

Ndipo nikaharibu. Katika ripoti yangu nilibadilisha majina yote, nikajiona mwangalifu. Lakini niliandika kuhusu binti wa Giheke mwenye mapacha, aliyefukuzwa na baba yake. Ripoti ikasomwa katika mkutano wa wilaya, na huko Giheke kila mtu akajua ni Josiane. Akaacha kuja kushona.

Hukunipigia kelele. Ulisema tu, "Jina ulificha, lakini sura ulibakisha inje." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Kesho yake ukafunga chumba chako, ingawa ilikuwa siku ya soko, ukanipeleka kwake Giheke.

Josiane alikuwa akimenya mihogo. Niliomba msamaha, hakuinua macho. Nilitaka kujieleza, ukanishika mkono ninyamaze. Tukachukua visu, tukamenya naye. Beseni lilipokaribia kujaa ndipo akasema, "Mukiandika tena juu yetu, mutusomee kwanza. Tukikataa, mufute."

Mwalimu wangu alipinga, akasema utafiti hauendeshwi hivyo. Ukapanda basi hadi chuoni, ukaketi ofisini kwake na kitenge chako cha sikukuu. "Hatukatai kuandikwa, Mzee," ulimwambia. "Tunakataa kuandikwa kama bantu benye hawako, kana kwamba hatupo." Akaomba kalamu, akaandika sharti la Josiane katika makubaliano yetu.

Lingali humo. Leo mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi, na kila ripoti tunaisoma kwanza mbele ya bamama wenyewe wanaoandikwa, kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Josiane amerudi kushona, naye ndiye mkali kuliko wote. Mwezi uliopita alitufutisha ukurasa mzima. Wanafunzi walinuna, mimi nilikaribia kuimba.

Kuna jambo sikukuambia, Maman. Siku ile tukirudi kutoka Giheke nilikuwa nimekwishaamua kuacha masomo. Nilijiona sifai kuingia nyumba ya mtu yeyote. Wewe hukujua. Ulikuwa unatembea mbele yangu ukilalamikia magoti, ukageuka ukauliza, kama vile hakuna kilichoharibika, "Sasa kesho tunaanza saa ngapi?"

Nikasema saa mbili.

Pumzika kwa amani, Maman wangu. Kazi tunaiangalia.

Ni mimi, binti uliyempata ukubwani