Barua Ishirini na Tatu za Mpima Ardhi

S.L.P. 318,
Chumba cha vifaa, ghorofa ya pili.
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi, tena za moto. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na lile goti, limetulia au bado linakusumbua? Usinijibu "naendelea vizuri tu" kama kawaida yako, nataka goti lenyewe lielezwe. Sisi huku wazima. Mama masikio yamezidi kuwa mazito, lakini akisengenywa kwa kunong'ona chumba cha pili, anasikia kila neno.

Kazi ipo, namshukuru Mungu. Bado ni mtunza vifaa wa filamu: mwigizaji akihitaji mwavuli, saa mbovu au meno ya bandia, mimi ndiye ninayetafutwa. Safari hii tunatengeneza picha ya mapenzi, lakini si mapenzi ya kushikana mikono bustanini. Ni karani wa benki aliyemganda daktari wa meno, mume wa mtu, mpaka kazi ikamponyoka. Anang'olewa meno mawili mazima, mdogo wangu, ili tu apate sababu ya kukaa kwenye kile kiti.

Mwongozaji wetu tunamwita Bwana Tena, kwa sababu kila tukimaliza onyesho anasema, "Tena." Ni mtu mwema, ila anachosha.

Sasa nisikilize, maana nimezunguka vya kutosha. Nina kosa la kukiri na jibu la kukuomba, na jibu linahitajika kabla ya tarehe ishirini na tano.

Kuna onyesho ambalo yule karani anafungua droo na kutoa rundo la barua alizomwandikia daktari. Kazini kwetu, rundo kama hilo huandikwa ukurasa wa juu tu, ule unaoonekana na kamera. Chini yake tunajaza karatasi yoyote ilimradi imechakaa. Sikuwa na karatasi zilizogeuka manjano. Lakini nyumbani, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, zilikuwepo zako. Ndiyo, zile ulizomwandikia mpima ardhi aliyepanga nyumba ya ng'ambo ya barabara, ulipokuwa na miaka kumi na tisa. Nikajiambia, nani atazisoma? Nikazitoa kwenye bahasha, nikazipanga, nikaweka ukurasa wangu juu na kufunga utepe.

Tulirudia mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano yule dada mwigizaji alikuwa amechoshwa na ukurasa wangu, ambao kusema kweli niliuandika kama taarifa ya kikao. Akaingiza mkono katikati ya rundo, akachomoa karatasi, akaanza kusoma kwa sauti: "Leo nimehesabu madirisha ya ofisi yenu. Ni kumi na moja. La kwako nimelijua kwa pazia lililochanika, na natamani unipe nilishone, hata kama hutaniangalia usoni." Sauti ikamkatikia hapo hapo. Mimi nyuma ya kamera nilikusikia wewe. Bwana Tena akasema imetosha, akatoka nje kupangusa macho.

Kipande hicho ndicho wanachokitegemea sasa kwa filamu nzima. Jina lako halimo, lakini shemeji alivyo mpenda sinema, akikaa kwenye kiti akasikia maneno yale, atakujua. Nani mwingine anaongea hivyo? Nimemweleza Bwana Tena barua ni za nani. Amesema hawezi kukitumia bila ruhusa yako, na ukikataa atakikata bila kinyongo.

Najua umevua miwani sasa hivi na unajiuliza barua zako zinafanya nini chini ya kitanda changu.

Chiriku, sikuzipeleka. Ulinipa ishirini na tatu kwa sababu ofisi yake ilikuwa njiani kwangu kwenda kazini, na hata moja haikumfikia. Ulikuwa umeacha kula. Ulikuwa unasimama dirishani tangu alasiri kumngoja apite. Niliogopa yule bwana mzima atakuchezea kisha akuache, nikaona akikaa kimya utapoa. Alipohamishwa ulilala wiki mbili ukiangalia ukuta, nami nikakuletea uji na kukuambia wanaume ndivyo walivyo. Uliniamini. Hata siku ya harusi yako ulinitania kwamba angalau umempata mmoja anayejibu, nikacheka na wewe. Miaka ishirini na sita nimekuacha udhani ulidharauliwa. Hakukudharau, mdogo wangu. Hakujua kitu.

Baada ya onyesho lile nilizisoma zote, nimekaa sakafuni humu chumbani kwangu kati ya viti vya kuvunjwa kwenye maonyesho ya ugomvi na simu zisizolia. Nilidhani nilikuwa nakuepusha na wazimu. Niliyemkuta humo ni binti mwenye akili zake, anayempenda mtu kupita kiasi, anayejua kuwa amepita kiasi, na bado anajicheka. Nililia sana. Sijutii kuogopa, kwa sababu nilikupenda na bado nakupenda. Ninachojuta ni kukuamulia, na kukudanganya ukiwa umelala pale. Nisamehe. Kama moyo bado hautaki, nitangoja.

Zote ishirini na tatu zimo kwenye kifurushi hiki. Zisome, zichome, mwonyeshe shemeji, ni zako.

Mama anakusalimu, hajui lolote. Nisalimie shemeji na wanangu wawili, na wifi yako mwuguzi umwambie dawa yake ya miguu imenisaidia. Mungu akutunze, akupe usingizi mwema na watu wasiokuficha kitu.

Kuhusu filamu sikushauri chochote, safari hii sisemi. Namba ya simu ya Bwana Tena nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie wewe mwenyewe umwambie ndiyo au hapana. Usipitishe kwangu.

Akupendaye, aliyekukosea,
Dada yako