Kibuyu Ulichokiua kwa Sabuni

Mama Sofi,

Huna haya. Miaka hii yote uko kwenu Ufaransa, hujaniandikia hata mstari kuuliza kama niko hai, halafu barua inafika ya kuomba picha! Eti wanakusanya kazi zako zote, za ujana mpaka za uzee, watu waje kuziona, na ile ya kwanza imekosekana. Imekosekana wapi? Iko hapa Kimumu, kwa ukuta, inaniangalia.

Umesahau vile ilizaliwa? Nilikuwa nakufulia na kukupikia. Bwana yako akienda kazini alifunga geti, akaenda na ufunguo. "Eldoret huijui, utapotea," alikuambia, kama mtoto. Basi ukaanza kuchora vitu vya jikoni. Siku moja nikaacha kibuyu cha marehemu mama yangu kwa meza, kile cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nikatoka kuanika nguo. Kurudi, umekisugua na sabuni, nje na ndani!

"Lakini kilikuwa cheusi ndani," ukasema.

"Hayo ni makaa ya mti wa senetwet, wewe! Ndiyo yanatunza maziwa. Umekiua!"

Ulilia. Sikukubembeleza. Ukakiweka kando ya nusu mkate na ovakado mbili, ukakichora na rangi za mafuta mpaka chapati zangu zikanuka rangi. Uliponipa picha ukasema, "Nimekuharibia kimoja, chukua hiki." Nilicheka. Nani anakunywa maziwa kwa picha?

Baadaye ukambeba Sofi, ukarudi kwenu bila bwana, ukawa mtu mkubwa. Sofi alinitumia kitabu cha picha zako. Meza, bakuli, vitunguu, meza tena. Mjukuu wangu akanisomea kwamba wanasifu utulivu wako. Nikamwambia, utulivu gani? Huyo alikuwa amefungiwa.

Mimi nilianguka kwangu Yamumbi, kijana wangu Kiprop akanileta kwake hapa Kimumu. Ananipenda, sikatai. Lakini kila asubuhi anafunga geti. "Mama, utaanguka tena." Ng'ombe wangu anakamuliwa na jirani, mimi nakamua rimoti. Nakaa naangalia kibuyu chako, na juzi tu ndiyo nimeona: pale kwa tumbo linapong'aa, umechora dirisha dogo la jikoni, na vyuma vyake vyote. Nilipita mbele ya dirisha hilo kila siku na ndoo ya maji, sikuviona. Kwa hilo nisamehe. Kwa kibuyu bado sijakusamehe.

Picha utapata. Lakini haitoki kwa geti hii peke yake. Mwambie Sofi akuje mwenyewe, na gari. Kiprop hawezi kumfungia mgeni. Anipeleke Yamumbi kwanza, anishushe mlangoni kwangu, nimguse ng'ombe wangu, ndiyo nimpe picha.

Na zawadi ya sabuni asilete.

Gogo wake Sofi, nyanya yake wa huku